Mgahawa wa Migebuka Ndani ya Duka la Zamani, Kigoma Mjini

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikila chakula cha mchana, mara mbili au tatu kwa wiki, katika mgahawa wa samaki uliofunguliwa ndani ya jengo la zamani la duka, kwenye kona ya mtaa mmoja unaoteremka kutoka Barabara ya Lumumba, hapa Kigoma Mjini. Nimekula humo vya kutosha kuweza kusema kwamba migebuka yake, samaki wa Ziwa Tanganyika, ni miongoni mwa migebuka mizuri kuliko yote niliyoonja mjini, na nimekaa humo vya kutosha kuweza kusema kwamba chumba chenyewe kina joto lisilokuwa la lazima. Mambo hayo mawili siwezi kuyaeleza bila kulieleza jengo, kwa kuwa nimelifahamu tangu utotoni likiwa na kazi nyingine kabisa, na kila kazi iliyopita humo imeacha alama ambayo mteja wa leo anaikalia, anaiegemea au anaivuta puani bila kujua. Jina la mgahawa sitalitaja, kwa sababu kasoro nitakazozieleza zinarekebishika na mwenyewe nimeshazungumza naye.

Nianze na chakula. Mgebuka huletwa mzima, amechanjwa ubavuni mara nne au tano kwa kisu chembamba ili chumvi na ndimu vipenye mpaka kwenye mfupa, kisha akakaangwa kwa mawese yaliyochemshwa kwanza hadi wekundu wake ukafifia, na ndiyo maana ngozi hutoka kavu, yenye rangi ya dhahabu, wala haiachi mafuta midomoni. Ugali ni wa muhogo, mweupe na wenye kuvutika kama ipasavyo, usio na ile harufu ya kuchacha inayotokea unga unapoanikwa siku za mawingu. Dagaa wake ni wa chanja, si wa mchangani, na mtu aliyewahi kutafuna dagaa waliokaushwa juu ya mchanga hahitaji kuelezwa tofauti. Sahani ya mgebuka na ugali ni shilingi 8,000, ya dagaa ni shilingi 4,000, na kisamvu kilichoungwa kwa mawese mabichi na karanga huongezwa bila malipo kama bado kipo kwenye sufuria.

Kuna jambo moja ninalomheshimu nalo mama mwenye mgahawa. Wavuvi wetu wa usiku hutumia taa kuwakusanya dagaa, na migebuka hufuata dagaa. Mwezi unapokuwa mpevu taa hukosa nguvu juu ya maji, na mitumbwi mingi hubaki ufukweni Kibirizi na Katonga. Siku hizo samaki mbichi huadimika na bei hupanda, na wapo wauza chakula wanaotoa samaki wa barafu wa wiki iliyopita wakimwita wa leo. Yeye huandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, "Leo hakuna mgebuka," na kupika kuku au maharage. Mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, alikuwa bado anauzia chakula kwenye kibanda karibu na bandari, na ananiambia kwamba ndipo alipojifunza kuwa mteja huvumilia kukosa samaki kuliko anavyovumilia kudanganywa.

Sasa nije kwenye jengo. Ni nyumba ya chini, ndefu, iliyotazama mtaa kwa milango mitano ya mbao yenye mbawa mbili, na mbele yake kuna baraza iliyoinuliwa vidato vitatu kutoka barabarani, kwa sababu mtaa wote uko kwenye mteremko na maji ya mvua hupita hapo kwa kasi yakielekea ziwani. Kuta zake ni za mawe, zenye unene unaokaribia dhiraa moja, zimepigwa lipu ya chokaa. Paa ni la mabati juu ya kenchi ndefu, limeinuka sana, na chini ya ukingo wa paa, pande zote mbili, kuna safu ya matundu ya hewa yaliyochongwa umbo la almasi. Juu ya ukuta wa mbele, pale palipoandikwa mwaka wa ujenzi kwa lipu, zinasomeka tarakimu tatu tu, 193. Ya nne ilivunjwa zamani na msumari wa bango la duka fulani, na hakuna aliyeirudisha.

Tarakimu hizo zinatosha kulipa jengo mahali pake katika habari za mji huu. Kabla ya reli, biashara yote ya upande huu wa ziwa ilikuwa Ujiji, kilomita chache kusini mwetu, mwisho wa njia ya misafara iliyopita Tabora kutoka pwani. Ujiji ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871, na ndiko zilikofika pembe za ndovu, watumwa, chumvi, nguo na shanga. Kigoma ilikuwa kijiji chenye ghuba yenye kina kirefu, na ghuba hiyo ndiyo Wajerumani waliyoichagua kwa ajili ya bandari. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, ikaingia Kigoma mwanzoni mwa 1914, baada ya zaidi ya kilomita 1,200. Miezi michache baadaye vita vilianza. Meli iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg, Ujerumani, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 walipokuwa wanaondoka. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba, jina ambalo kila mtoto wa Kigoma hulijua kabla ya kujua jina la mkuu wake wa mkoa.

Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916, na hata baada ya Tanganyika kukabidhiwa Uingereza hawakuondoka moja kwa moja. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa maeneo ya bandari Dar es Salaam na hapa Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo ipite bila kutozwa ushuru wa nchi hii: ilishuka kwenye treni, ikapakiwa melini, ikavuka hadi Albertville, mji unaoitwa leo Kalemie. Mji uliokuwa na makarani wa reli, mabaharia, wachukuzi wa bandarini na abiria wanaosubiri meli siku tatu au nne ulihitaji maduka, na wafanyabiashara wa Kihindi, baadhi yao wakitokea Ujiji na Tabora, waliyajenga. Walijenga wakijua kwamba hakuna umeme wa kuendesha feni na kwamba mwenye duka, mkewe na watoto wake wangelala nyuma ya ukuta uleule wanaouzia. Kwa hiyo kila kitu nilichokitaja, yaani unene wa kuta, urefu wa paa, baraza na matundu, kilikuwa na kazi. Mchana upepo hupanda kutoka ziwani; huingia kwa milango na matundu ya upande wa magharibi, na hewa yenye joto, ambayo kwa kawaida hupanda juu, husukumwa nje kwa matundu ya upande wa pili. Duka la aina hii, milango ikiwa wazi saa nane mchana mwezi wa Septemba, lilikuwa mahali pa watu kukimbilia kuepa jua.

Mwenye duka wa kwanza aliuza nguo, mafuta ya taa, sabuni na sukari, na alinunua mawese, nta, ngozi na chumvi ya Uvinza. Haya niliambiwa na mzee mmoja wa Mwanga, hapahapa mjini, ambaye baba yake alikuwa mpimaji wa chumvi dukani humo. Chumvi ya Uvinza, inayopikwa kutokana na maji ya chemchemi karibu na mto Malagarasi, ilikuwa fedha ya upande huu kabla ya sarafu yoyote kufika, na magunia yake yalirundikwa katika chumba cha nyuma, yakiegemezwa ukutani, miaka nenda rudi. Nasisitiza jambo hilo kwa sababu mteja wa leo ameketi katika chumba hichohicho. Ukitazama ukuta wake wa kaskazini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno cha mtu, utaona rangi imevimba malengelenge, na ukiyabonyeza kwa kidole hupasuka na kumwaga unga mweupe. Niliuonja unga huo kwenye ncha ya ulimi. Ni chumvi. Ukuta uliinywa kwa miongo kadhaa na hadi leo unaitoa kila masika unapofyonza unyevu kutoka ardhini na kila kiangazi unapokauka.

Samani ya zamani iliyobaki ni moja tu, nayo ni kaunta. Ni ubao wa mninga wa kipande kimoja, mrefu kuliko watu wawili waliolala, mweusi kwa mikono ya watu, na mwisho wake wa kulia una bonde dogo pale mizani ilipokuwa ikikaa. Kwenye ukingo wake wa ndani, upande wa muuzaji, imepigwa misumari mitatu ya shaba, vichwa vyake vimelainika kama shanga. Miaka mingi sikujua ni ya nini. Mwezi uliopita nilimwazima fundi cherehani wa barazani tepu yake nikapima: kutoka msumari wa kwanza hadi wa pili ni sentimita 91 na kidogo, yaani yadi, na kutoka wa kwanza hadi wa tatu ni mita moja kamili. Mwenye duka alikuwa akipima nguo za marekani na kaniki kwa kuzivuta juu ya kaunta, na nchi ilipoacha yadi ikahamia mita, alipiga msumari mmoja zaidi akaendelea na kazi. Mama mwenye mgahawa sasa anaitumia kaunta kupokelea fedha na kupangia chupa za soda, na nilipomwonyesha misumari ile aliisugua kwa ndimu na jivu mpaka ikang'aa.

Familia iliyolijenga jengo iliendelea kuwamo baada ya Uhuru. Sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majengo iliyagusa yale yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyatumia peke yao, na yaliyochukuliwa yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Yale yaliyokuwa na umri unaozidi miaka kumi hayakulipiwa fidia. Jengo hili liliponea kwa sababu mwenyewe alilala na kuuza humohumo. Lakini biashara ya jumla ilikuwa imeshahamia mikononi mwa umma tangu Azimio la Arusha la 1967, kwanza chini ya Shirika la Biashara la Taifa, kisha chini ya kampuni za biashara za mikoa ambazo watu wote walizijua kwa herufi za RTC, na mwenye duka asiye na mgawo hakuwa na cha kuweka rafuni. Familia iliuza jengo kwa mfanyabiashara wa Ujiji na kuondoka. Wajukuu wa mnunuzi huyo ndio wenye nyumba hadi leo. Mnunuzi mwenyewe akalipangisha, na sehemu ya mbele pakafunguliwa duka la umma.

Hapo ndipo mimi ninapoingia katika habari hii. Mwaka 1983 nilikuwa na umri wa miaka kumi. Vita vya Kagera vilikuwa vimeligharimu taifa, mafuta yalikuwa ghali, fedha za kigeni hazikuwapo, na sabuni, sukari, unga na khanga vilipatikana kwa foleni. Mama alikuwa akiniamsha alfajiri nikaweke jiwe. Mtu hakuhitajiwa kusimama usiku kucha. Aliweka jiwe lake kwenye mstari, na jiwe likashika nafasi mpaka duka lifunguliwe. Baraza ya jengo hili, kwa kuwa ni ndefu na imeezekwa, ilikuwa na mstari wa mawe uliopinda kwenye kona na kuteremka vidato. Langu lilikuwa jeusi lenye mshipa mweupe, nililiokota ufukweni, na hakuna aliyelichanganya na lake. Milango ilipofunguliwa tuliingia kwa zamu, watano watano, na nakumbuka zaidi ya kitu kingine chochote ubaridi wa sakafu nyekundu chini ya nyayo na mwanga wa almasi ndogondogo ulioangukia ukuta wa pili kutoka kwenye yale matundu. Watu walikuwa wengi mno humo ndani, baadhi wamebeba watoto mgongoni, lakini hewa haikuwa nzito.

Bajeti ya 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na baada ya Mzee Mwinyi kushika urais mwishoni mwa 1985 milango ilifunguka zaidi. Duka la umma lilififia polepole, rafu moja baada ya nyingine. Mwenye nyumba akagundua kwamba wapangaji watano wadogo hulipa zaidi ya mmoja mkubwa, akajenga kuta nyembamba za matofali ya saruji na kuligawa jengo kuwa fremu tano, kila moja na mlango wake. Palikuwa na vitenge vilivyovuka ziwa kutoka Kongo, palikuwa na mitumba, palikuwa na fundi redio aliyekuwa pia akirekodi kanda za muziki wa ng'ambo ya ziwa, na palikuwa na studio ya picha yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Katika studio hiyo ndimo nilimopiga picha yangu ya kuingilia chuo cha ualimu. Kuta zile za fremu hazikuwa na msingi wa maana, na hilo baadaye lilikuwa bahati njema, kwa sababu zilipobomolewa hazikuondoka na kitu cha jengo lenyewe.

Kisha wakaja wakimbizi. Baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye wa Burundi mwezi wa Oktoba 1993, na tena baada ya vita kuanza mashariki mwa Zaire mwaka 1996, mamia ya maelfu ya watu waliingia mkoani kwetu kwa miguu na kwa mitumbwi. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1996. Kigoma Mjini, mji uliokuwa umezoea kusubiri treni, ulijaa magari meupe ya mashirika ya misaada kwa muda mfupi. Kila jengo lenye kuta nene na mlango unaofungika lilitafutwa liwe ofisi au ghala, na kodi ya pango ilipanda kiasi kwamba wauza vitenge hawakuweza kushindana. Shirika moja la misaada lilikodi jengo lote isipokuwa fremu ya studio, likaweka ndani yake mahema, ndoo na mablanketi. Bado kuna kiraka cha bati jipya juu ya paa pale nguzo ya antena ya redio ilipopita, nacho huvuja. Sina ubaya wa kusema juu ya miaka ile: baadhi ya jamaa zangu walipata kazi ya ukarani na udereva wakasomesha watoto. Lakini mashirika yalipopunguza kazi na kuondoka, jengo lilibaki tupu na mtaa wote ukaonekana umezimika, kwa kuwa wafanyabiashara waliokuwa wamesukumwa hadi Mwanga hawakuwa na sababu ya kurudi.

Kati ya hapo na leo palipita duka la simu, wakala wa miamala tangu huduma hizo zilipoingia nchini mwaka 2008, duka la vifaa vya ujenzi, na kanisa moja la Jumapili. Sina mengi ya kusema kuhusu wapangaji hao. Walikaa mwaka, miaka miwili, wakapaka rangi yao wakaondoka.

Mama mwenye mgahawa ndiye wa kwanza kulichukua jengo zima tangu ligawanywe. Alibomoa kuta za fremu, akafunua sakafu nyekundu iliyokuwa chini ya zulia la plastiki, akaitoa kaunta kutoka ghalani ilikokuwa imesimamishwa nyuma ya magunia ya saruji, na jambo ambalo wengi wasingelifanya, hakuwafukuza waliokuwa barazani. Fundi cherehani bado yupo mwisho wa kushoto, wakala wa fedha yupo mwisho wa kulia na mwavuli wake, na katikati zimewekwa meza nne. Mtu anaweza kushonewa gauni, kutoa fedha na kula mgebuka bila kushuka vidato vitatu. Huduma ni ya adabu: binti humimina maji ya moto mikononi kabla ya chakula na baada yake, humwamkia mkubwa kabla ya kumuuliza anakula nini, na hesabu huja sahihi. Saa saba mchana watu huwa wengi na sahani inaweza kuchukua robo tatu ya saa, jambo ambalo angeweza kulipunguza kwa kuongeza jiko moja uani. Choo ni kisafi, ila njia ya kwenda huko haina taa.

Kasoro kubwa ni dari. Mwezi mmoja kabla ya kufungua, kwa ushauri wa fundi aliyempata kwa haraka, alipigilia dari ya bodi za jipsamu katika ukumbi mkubwa, chini kabisa ya yale matundu, na matundu yenyewe yakazibwa kwa mbao. Akaweka feni tatu. Matokeo ni kwamba hewa yote ya moto, pamoja na mvuke wa chakula na pumzi za watu arobaini, hukaa kati ya kichwa cha mteja na dari, na feni zinaizungusha tu. Umeme ukikatika, na wakazi wa mji huu ulioendeshwa kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi tunajua unakatika, chumba hugeuka tanuri kwa dakika kumi. Nimemwona bwana mmoja akihamishia sahani yake barazani akasimama nayo, kwa kuwa meza za huko zilikuwa zimejaa. Jengo lililojengwa ili lisihitaji umeme limefanywa lisiwezekane kukaliwa bila umeme.

Nilipomweleza, hakunipuuza, na sababu yake ilikuwa ya haki. "Mwalimu," aliniambia, "kule juu kuna popo. Mavi ya popo yakianguka kwenye sahani ya mteja hata mara moja, mimi sina biashara." Hakuna anayeweza kumlaumu kwa hilo. Lakini popo huzuiwa kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo uliopigiliwa kwenye kila almasi kwa ndani, na vumbi la mabati huzuiwa kwa dari inayofuata mteremko wa kenchi badala ya kukata chumba katikati. Gharama yake haizidi sana ile aliyokwisha kuilipa, na feni mbili kati ya tatu angeweza kuziuza.

Kasoro ya pili ni ule ukuta wa chumvi. Fundi yuleyule alibandua lipu ya chokaa akapiga ya saruji, juu yake akapaka rangi ya mafuta, kwa nia njema ya kuziba unyevu. Saruji na rangi ya mafuta haviruhusu ukuta wa mawe kupumua. Unyevu hukosa pa kutokea, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma, na ndiyo maana imevimba katika muda mfupi namna ile. Ukuta huo unataka lipu ya chokaa na mchanga, kisha rangi ya chokaa, ambayo itabanduka kidogo kila mwaka na kupakwa upya kwa gharama ndogo. Wazee wetu wa Ujiji walizipaka nyumba zao hivyo kila ulipokaribia Ramadhani, wala hawakuona ni kazi ya ajabu.

Ijumaa iliyopita nilimkuta mama mwenye mgahawa amesimama juu ya kiti, na fundi mwingine, kijana wa Gungu, akiwa ameng'oa bodi mbili za upande wa ziwa na mbao iliyoziba tundu moja. Alikuwa ameinua mkono wake ndani ya nafasi ile, vidole wazi, kama mtu anayepima maji. Aliniita nipande nami nikapanda, na upepo wa saa tisa ulikuwa unaingia hapo kwa nguvu ya kutosha kupeperusha karatasi ya hesabu aliyoishika. Bodi nyingine zitatolewa wavu utakapopatikana. Ukuta wa chumvi umesubirishwa hadi kiangazi. Mgahawa hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa moja jioni, Jumapili haufunguliwi kabisa. Anayetaka mgebuka afike kabla ya saa saba, akae barazani upande wa fundi cherehani, na kabla ya kutoka nyumbani aangalie mwezi uko wapi.